Kabla Ng'ombe Hajatoka Zizini: Daftari na Makaratasi ya Mfugaji Mdogo wa Kusini

Msimu mmoja wa korosho niliuza dume langu kwa mchinjaji wa Masasi, kwa makubaliano kwamba nitalipwa kwa kilo akishaning'inizwa. Nilikwenda machinjioni alfajiri kwa sababu sikuiamini mizani. Mizani ilikuwa sawa. Kisu kilipopita kwenye paja la nyuma, ukatoka usaha mzito wa manjano, kama dang'a. Mkaguzi wa nyama akakata pande lote lile akalitupa, kisha akanigeukia: "Huyu alichomwa dawa gani, na lini?" Nikamjibu, zamani kidogo. Akasema, "Zamani ni tarehe ngapi, mzee?"

Sikuwa nayo. Mnunuzi naye akapata la kusema, akashusha bei ya mnyama mzima, si ya paja peke yake. Nilirudi Nachingwea na pesa pungufu, na njiani nikanunua kaunta buku.

Haya ninayoandika ni kwa mtu wa Lindi au Mtwara mwenye ng'ombe watano, kumi au ishirini, ambaye ufugaji wake uko pembeni ya mikorosho na ufuta, na anataka siku akiulizwa na mwenye bucha, mwenye hoteli au afisa awe na cha kuonyesha.

Tuanze na neno "cheti", maana linawapotosha wengi. Marekani wafugaji wa ng'ombe wa nyama wana mpango uitwao Beef Quality Assurance: mtu anasoma, anajibu maswali, anapewa cheti kinachodumu miaka 3, kisha anarudia. Uingereza, baada ya balaa la kichaa cha ng'ombe, ng'ombe walianza kupewa pasi zao za kusafiria mwaka 1996. Kwetu usitafute karatasi moja ya kubandika ukutani. Kwetu kuna vipande vinavyoshikana: usajili wako wewe, namba ya mnyama, kumbukumbu za chanjo na dawa, kibali cha kusafirisha, na mwisho mhuri wa mkaguzi wa nyama. Kipande kimoja kikikosekana, kinachofuata kinalegea.

Na sisi watu wa Kusini si wageni wa mambo haya. Tangu stakabadhi ghalani iingie kwenye korosho mwaka 2007, hakuna mkulima anayepeleka gunia ghalani bila kupima na bila kudai karatasi yake. Gunia moja la korosho lina karatasi, lakini ng'ombe mwenye thamani ya magunia kadhaa tunamuuza chini ya mwembe kwa kumkodolea macho.

Hatua ya kwanza: jiandikishe wewe

Anza kwa mtendaji wa kijiji. Jina lako liwe kwenye daftari la wafugaji la kijiji, pamoja na idadi ya mifugo na mahali lilipo zizi. Usipunguze idadi kwa kuogopa michango. Siku ukitaka kuuza wanyama 6 na kitabuni una 4, utaonekana umewaokota wawili, na wizi wa mifugo si jambo la kuchezea.

Kisha mwone afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye atakayekuelekeza usajili wa Bodi ya Nyama Tanzania, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Tasnia ya Nyama Na. 10 ya 2006, ambacho moja ya kazi zake ni kusajili wadau wa nyama, kuanzia mfugaji hadi mwenye bucha. Malipo yoyote ya serikali dai namba ya malipo na risiti, na risiti uibandike kwenye daftari siku hiyohiyo. Pesa ya mkononi haina kumbukumbu.

Hatua ya pili: kila ng'ombe awe na namba

Majina ni mazuri. Mimi nina Kidoti, nina Mwarabu, nina Mama Huruma. Lakini Kidoti wangu na Kidoti wa jirani wakichanganyika malishoni, jina halisaidii kitu. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya 2010 inataka mnyama atambulike, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa mwaka 2025 inawavisha hereni. Ukisikia timu iko kata ya jirani, usingoje wafike kwako. Nenda kaulize ratiba.

Hereni inakaa katikati ya sikio, kati ya ile mishipa miwili migumu inayopita ndani ya sikio kama mbavu. Ukiipeleka ukingoni itachanika kwenye kichaka cha kwanza. Pakaa dawa ya kuua vijidudu kabla na baada, na kama una hiari ya kuchagua wakati, chagua kiangazi. Masika nzi wanataga kwenye kidonda, na utatibu sikio badala ya kuvuna mpunga.

Kama mnyama bado hana hereni, mpe namba yako ya zizini na uandike alama zake: rangi, pembe, kovu, na chapa kama anayo. Chapa ya moto ikipigwa, iwe mguuni chini au shavuni. Watu wanapiga ubavuni ili ionekane kwa mbali, na hapo ndipo penye ngozi ya thamani kuliko pengine pote.

Umri ukiwa huujui, tazama meno ya mbele ya chini. Ng'ombe wetu wa asili akiwa na mawili makubwa ya kudumu, ana miaka miwili na kidogo. Akiwa na manne anakaribia mitatu au ameipita, na yote manane yakijaa ameshavuka minne. Andika "meno 2" na tarehe uliyotazama. Hiyo ni kweli zaidi kuliko kuandika "miaka miwili" ya kukisia.

Hatua ya tatu: daftari lenyewe

Kaunta buku moja inatosha kwa zizi dogo. Ligawe mara tatu. Mwanzo ni ukoo: kila ng'ombe nusu ukurasa, na humo kuna namba yake, mama yake, dume aliyempanda mama kama unamjua, tarehe ya kuzaliwa au ya kununuliwa na kwa nani. Katikati, sehemu iliyo nene kuliko zote, ni matibabu. Mwisho ni waliotoka: aliyeuzwa, aliyechinjwa, aliyekufa, aliyepotea.

Sehemu ya ukoo ina faida ambayo sikuitegemea. Baada ya mwaka mmoja na nusu niligundua dume langu anakaribia kuwapanda binti zake mwenyewe. Nilimbadilisha na la mfugaji wa Ruangwa.

Sasa matibabu. Andika papo hapo, kwenye lango la zizi, kabla hujanawa mikono. Ukisema nitaandika jioni, jioni kuna taarifa ya habari, kuna mgeni, kuna usingizi. Kalamu yangu imefungwa kwa kamba kwenye daftari, na daftari linakuja zizini pamoja na sindano. Mstari wangu mmoja unasomeka hivi:

"3/9. Na. 7, Kidoti. Kilo 217. Homa, ufizi mweupe, choo kigumu, hataki kula. Ndigana baridi, kasema afisa. Oksitetrasaiklini asilimia 20, namba ya bechi ipo kwenye chupa iliyobandikwa uk. 41. Mililita 22: shingo kushoto 8 na 7, kulia 7. Kachoma afisa mifugo. Siku 28. ASIUZWE KABLA YA 1/10."

Yale maneno ya mwisho yaandike kwa herufi kubwa, maana ndiyo mnunuzi anayoyatafuta. Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri baada ya sindano ya mwisho kabla nyama haijafaa kuliwa, na umeandikwa kwenye lebo. Kwa oksitetrasaiklini ya asilimia 20 lebo nyingi husema siku 28. Dawa nyingine huwa na muda mfupi zaidi, nyingine mrefu zaidi, na hata dawa ya jina moja hutofautiana kwa viwanda. Kwa hiyo usichukue hesabu ya jirani wala hii yangu. Chukua ya chupa uliyoishika. Na kama sindano ilirudiwa, hesabu inaanza upya: Kidoti akichomwa tena tarehe 6/9, mstari wa kwanza unafutwa na inakuwa 4/10.

Wako watakaosema dawa inaisha kwa kuchemsha supu. Kupika hakuna uhakika wa kuiondoa. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinaruhusu mabaki ya oksitetrasaiklini yasiyozidi mikrogramu 200 kwa kilo ya mnofu, 600 kwa ini na 1,200 kwa figo, na tofauti hiyo inakuonyesha dawa inakojikusanya. Ini na figo ndizo huliwa kwanza siku ya kuchinja, na mara nyingi anapewa mzee au mama mjamzito kwa kuwa "zina damu". Tena dawa hizihizi zikizagaa kwenye chakula, vijidudu vinazizoea, na siku mtoto akiumwa hazifanyi kazi.

Kwangu ng'ombe aliye kwenye muda wa kusubiri anafungwa kitambaa chekundu shingoni. Ilikuja baada ya mimi kusafiri kwenda Lindi mjini na mdogo wangu kutaka kumuuza mmoja wao kwa ajili ya shughuli ya unyago. Daftari lilikuwa kabatini, ufunguo ninao mimi. Kitambaa hakihitaji ufunguo.

Kijana wangu anayechunga ni Msukuma, familia yao ilikuja huku na mifugo wakati wa uhamisho kutoka Usangu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007. Anamjua kila ng'ombe kwa kwato zake lakini kusoma hajui. Tukapatana: kwenye lango inaning'inia kamba ya mkonge. Ng'ombe akikohoa, akichechemea, akibaki nyuma, anafunga fundo. Jioni ananiambia, "Mzee, leo mafundo mawili," tunakwenda kuwatazama, naandika, tunafungua. Ng'ombe niliowahi kwa mafundo ni wengi kuliko niliowaona mwenyewe.

Kifo nacho kinaandikwa, na sababu. Mnyama akifa ghafla na damu ikamtoka puani au nyuma isiyoganda, usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Hiyo inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Mwite afisa, na mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina cha mita 2.

Hatua ya nne: sindano

Nirudi kwenye lile paja. Nilichoma pajani kwa sababu ndipo nilipoona wengine wakichoma, na ndipo mtu anapofika bila kupigwa pembe. Lakini paja ndiyo nyama ya bei. Sindano chafu, au dawa nyingi mahali pamoja, huacha jipu au kovu gumu ambalo mpishi atalikuta miezi baadaye. Choma shingoni, pembeni, mbele ya bega, chini ya ule ukano mnene wa juu ya shingo na juu ya mifupa ya uti wa shingo. Usizidishe mililita 10 mahali pamoja, isipokuwa lebo iseme vingine, na kati ya tundu na tundu acha nafasi ya kiganja. Ndiyo maana Kidoti alipata matundu matatu.

Kama lebo inaruhusu chini ya ngozi au ndani ya nyama, chagua chini ya ngozi. Badilisha sindano mara kwa mara na isiwe butu, maana ndigana baridi yenyewe huhamia kwa mwingine kupitia damu iliyobaki kwenye sindano. Ikikatika ndani ya mnyama, andika namba yake na mahali, na mnunuzi umwambie kabla ya kupokea pesa. Aibu ya dakika mbili ni nafuu kuliko jino la mteja.

Chupa usiiweke dirishani juani. Dawa ya ugonjwa wa mbung'o tunayoitumia sana upande wa Liwale na Nachingwea ni ya unga, na ikishachanganywa na maji haikai muda mrefu. Changanya ya kutosha wanyama wa siku hiyo. Na tafadhali, dawa za kuua vijidudu ununue kwa maelekezo ya mtaalamu aliyesajiliwa, si kwa rangi ya boksi. Ukishamaliza chupa bandua lebo, ibandike kwenye daftari. Hapo una jina, bechi na tarehe ya kuisha muda, bila kunakili hata herufi.

Hatua ya tano: uzito bila mizani

Dozi inategemea kilo, na bei pia. Mizani ya ng'ombe haiko kila kijiji, lakini futi ya fundi cherehani iko. Simamisha mnyama mahali tambarare. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa unaojitokeza nyuma kando ya mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Kidoti alikuwa na mzunguko wa sentimita 140 na urefu wa 120: hiyo ni 2,352,000, ukigawanya unapata kilo 217. Ni makadirio, anaweza kuwa juu au chini, lakini yanakutosha kubishana na dalali anayesema "huyu hana hata mia na sabini".

Kwa ng'ombe wetu wa asili aliye katika hali nzuri, nyama na mifupa yake ni karibu nusu ya uzito wa hai. Pima kila mwanzo wa mwezi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, nyasi zikikauka, utaona namba zinasimama kisha zinarudi nyuma, na utajua kwa nini wanaohifadhi mabua ya mahindi na majani ya karanga wanauza wakati wewe unalalamika.

Hatua ya sita: mikorosho, salfa na maji

Hili hulikuti kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mikoa mingine. Kuanzia mwishoni mwa masika hadi Septemba, huku kwetu mikorosho inapuliziwa salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, na viuatilifu vya majimaji kwa mbu wa mikorosho. Chini ya mikorosho ndiko kwenye nyasi za kivulini zilizobaki. Ng'ombe akizila nyasi zenye unga huo anaingiza salfa tumboni, na salfa ikizidi hushambulia ubongo: anapofuka, anagonga miti, anasukuma kichwa kwenye ukuta. Viuatilifu vya wadudu navyo vina mabaki yake.

Kwa hiyo muulize jirani tarehe anayopulizia, na ukaiandike: "12/7, shamba la upande wa mto limepuliziwa. Tusipite hadi..." kwa kadiri lebo ya dawa yake inavyoelekeza. Kuuliza huko kumenipunguzia ugomvi. Mkulima anayeulizwa tarehe anajua kwamba unalijali shamba lake, na mimi sijaitwa kwa mtendaji kwa kesi ya kulishia mikorosho tangu nianze.

Dumu la kiuatilifu lisigeuzwe la maji ya ng'ombe, hata ukilisuuza mara saba. Litoboe.

Josho nalo lina ukurasa wake: tarehe, dawa gani, josho la nani, wangapi waliogeshwa. Kama unapuliza kwa pampu nyumbani, usitumie pampu ileile ya mikorosho. Dawa ya kuogeshea nayo ina lebo, na lebo ina siku zake.

Chanjo ni fupi: homa ya mapafu, chambavu, kimeta, miguu na midomo, mapele ngozi, kadiri afisa atakavyoelekeza kwa eneo lako. Omba cheti cha chanjo chenye idadi na namba za wanyama. Kisicho na namba kinaweza kuwa cha ng'ombe wa mtu yeyote.

Hatua ya saba: siku ya kuuza

Hesabu kuanzia mbele. Huku pesa ya nyama inatembea kuanzia Oktoba, malipo ya korosho yakianza kuingia, na kabla ya hapo katika miezi ya jando na unyago. Kama unalenga Oktoba, dawa za minyoo na matibabu yasiyo ya dharura yamalizike mapema Agosti. Ng'ombe mgonjwa Septemba mtibu, usimwache ateseke kwa ajili ya soko. Anakosa msimu, basi.

Siku mbili au tatu kabla, fungua daftari na mnunuzi akiwepo. Ukurasa wa ukoo, ukurasa wa matibabu, hakuna "asiuzwe" iliyo mbele ya tarehe ya leo. Kama ana simu apige picha. Kisha barua ya mtendaji kwamba mnyama ni wako, afisa mifugo aje kumtazama, na ndipo kibali cha kusafirisha kitoke kikiwa na idadi, alama, unakotoka na unakokwenda. Bila kibali usivuke, hata kama ni kutoka Nachingwea hadi Masasi tu. Kukiwa na karantini hakuna kibali, na anayekuambia ana njia ya usiku anakutafutia kesi.

Mnyama apakiwe taratibu, kwa tuta au ngazi, bila fimbo. Fimbo ya mgongoni inaacha damu iliyovilia kwenye steki, na mkaguzi ataikata kama alivyokata langu. Apewe maji kabla ya safari na akifika, na apumzike kabla ya kisu. Ng'ombe aliyechoka na kuhangaika nyama yake huwa nyeusi na ya kunata, wala haikai.

Hatua ya nane: mfuate hadi machinjioni

Wafugaji wengi wanaishia kwenye pesa. Nenda, au mtume mtu, ukaulize mkaguzi ameona nini, na ukiandike kwenye sehemu ya waliotoka. Ini lililotupwa kwa minyoo bapa linakuambia wanyama wako wanakunywa kwenye bwawa lenye konokono, na wenzake waliobaki wanayo. Malengelenge ya tegu kwenye misuli yanakuambia jambo la aibu zaidi: kuna mtu anajisaidia malishoni, kwa sababu mayai ya tegu huyo hutoka kwa binadamu. Mimi ilinibidi nichimbe choo karibu na zizi la kiangazi. Mafuta kidogo, kovu la sindano, michubuko, vyote andika. Na uombe nakala ya karatasi ya uzito.

Wakikutana wafugaji watano au sita wa kata moja wanaoandika hivi, wabadilishane madaftari mara moja kwa mwaka, kila mmoja akague la mwenzake: achague ng'ombe mmoja zizini kwa kidole, na mwenyewe aonyeshe kurasa zake zote mpaka tarehe ya kuingia. Tulipofanya mara ya kwanza mimi nilishindwa kwa ng'ombe wa pili. Mnunuzi mkubwa anayetaka wanyama 10 kwa mwezi atakwenda kwenye kikundi cha namna hiyo, kwa sababu mfugaji mmoja mwenye ng'ombe 11 hawezi kumtosheleza.

Kuhifadhi

Kila Jumapili piga picha ukurasa wa wiki na uitume kwa mtoto au ndugu aliye mjini. Programu za simu zipo, na anayeziweza azitumie, ila zizini mikono ina mavi na skrini haisikii. Madaftari yaliyojaa nayatunza miaka mitano, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya meza, mbali na ukuta wa udongo. La kwanza kabisa nililiweka sakafuni kwenye kona. Liliishia Machi, kuanzia Aprili walisoma mchwa.